Akatoka Mafichoni: Tafakari ya Oktoba Juu ya Saratani ya Matiti



Kijana mwenzangu, Oktoba kwetu Wakatoliki ni mwezi wa Rozari. Tunaufungua tarehe 1 na Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, na tarehe 18 tunamkumbuka Mtakatifu Luka Mwinjili, ambaye Mtume Paulo anamtaja kwa Wakolosai kuwa ni tabibu. Huko nje nako, dunia nzima inavaa utepe wa pinki, maana Oktoba ni mwezi wa kuhamasishana juu ya saratani ya matiti. Wengi wetu tunaona hivi ni vitu viwili visivyojuana: rozari ni ya kanisani, utepe wa pinki ni wa hospitalini. Leo naomba tuvishike vyote kwa mkono mmoja.

Na ninyi kaka zangu, msifunge ukurasa mkidhani haya ni mambo ya kina dada. Mna mama, mna dada, wengine mna wachumba. Na ugonjwa wenyewe unawapata wanaume pia, ingawa ni wachache: katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya matiti, mwanaume ni mmoja hivi, au pungufu ya hapo. Kwa hiyo twende pamoja.

Mwanamke katikati ya msongamano

Fungua Biblia yako, Injili ya Marko sura ya 5, aya ya 25 hadi 34. Soma mwenyewe polepole. Mimi nitasimulia tu kwa maneno yangu.

Kuna mwanamke ambaye ametokwa damu miaka 12. Amezunguka kwa matabibu wengi, pesa zimekwisha, na hali imezidi kuwa mbaya. Juu ya ugonjwa kuna aibu. Kwa sheria ya Walawi sura ya 15, mwanamke wa hali yake alihesabiwa najisi, na kila aliyegusa mahali alipokaa alihesabiwa hivyo hivyo. Miaka 12 ya kukaa pembeni! Basi amejifunza kuishi kwa kujificha. Hata siku anapoamua kumwendea Yesu, anapita kwa nyuma, kwenye msongamano, anagusa vazi lake ili apate uponyaji wake na kuondoka kimya kimya.

Na anapona. Pale pale.

Sasa hebu nikuulize: si ingetosha? Yesu alikuwa na haraka siku ile. Yairo yuko pembeni yake, binti yake yuko mahututi nyumbani. Lakini Yesu anasimama katikati ya njia, anauliza ni nani aliyemgusa. Wanafunzi wanashangaa, maana watu wote wanamsonga. Yeye anaendelea kuangaza macho, anamtafuta.

Kwa nini amtafute mtu ambaye tayari ameshapona? Kwa sababu alitaka atoke mafichoni. Yule mwanamke anakuja akitetemeka, anaanguka mbele yake, na Marko anatuambia kuwa alimweleza ukweli wote. Yesu hamkemei. Hamwambii amemnajisi. Anamwita binti yake, na kumruhusu aende kwa amani.

Ugonjwa wa mwili uliisha kwa kugusa. Ugonjwa wa pili, ule wa kujificha, uliisha kwa kusema. Na huo wa pili ndio ninaotaka tuuzungumzie leo, kwa sababu hapa kwetu unaua.

Siri inayotumaliza

Saratani ya matiti ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi duniani. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligundulika nayo, na wengine 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Kwa wanawake wa Tanzania ni ya pili, nyuma ya saratani ya mlango wa kizazi.

Lakini linaloumiza zaidi ni saa tunayofika hospitali. Tathmini ya huduma za saratani ya matiti nchini iliyotoka mwaka 2017 ilionyesha kuwa takribani wanawake 80 kati ya kila 100 wanaogundulika, wanagundulika ugonjwa ukiwa tayari hatua ya tatu au ya nne. Hatua ya nne maana yake saratani imeshatoka kwenye titi ikahamia mbali: kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo. Ikigundulika mapema, wengi wanapona. Ikifika huko, madaktari wanaweza kurefusha maisha na kupunguza maumivu, lakini kuiondoa kabisa ni vigumu sana.

Tuchukue mfano wa mama mmoja. Tuseme anaishi kijijini, Kondoa au Mpwapwa au Manyoni, popote kwenye nyanda zetu hizi. Anaoga jioni, anahisi kitu kama punje ya karanga kwenye titi. Hakiumi. Anasema, si kitu hicho. Baada ya miezi mitatu kimekuwa kama gololi. Anasema, ngoja tuvune alizeti kwanza. Baadaye kuna ada ya mtoto. Baadaye anafikiria zahanati ya pale, muuguzi wa zamu ni kijana wa rika la mwanae, atavuaje nguo mbele yake? Anamwambia jirani, jirani anamletea dawa ya mizizi. Binti yake wa Chuo Kikuu cha Dodoma anapiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili mama anajibu, "Sisi wazima, mwanangu, soma tu." Siku titi linapopasuka na kuwa kidonda, ndipo nauli inatafutwa.

Mfano huu nimeutunga. Lakini ukiutazama vizuri, huenda ukamwona shangazi yako.

Mama huyu si mjinga wala hana imani haba. Anawahurumia wanawe, anaona haya, anaogopa. Ni yule yule mwanamke wa Marko anayepita kwa nyuma. Na sisi ndio umati: tunamsonga kila siku, tunasali naye jumuiya, tunapeana naye amani ya Kristo kwenye Misa, na hatujui anabeba nini.

Umati ukibadilika, mambo yanabadilika. Mwaka 2005 Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania, MEWATA, kilipowaita wanawake wa Dar es Salaam waje kuchunguzwa matiti, walijitokeza kwa maelfu. Kumbe hamu ya kujua ilikuwepo! Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia kwa sauti kwamba njoo, hakuna aibu hapa. Na huko Marekani, mwaka 1974, mke wa Rais, Betty Ford, alipokubali nchi nzima ijue kwamba ameondolewa titi kwa sababu ya saratani, wanawake wengi walikwenda kupimwa. Mmoja akisema ukweli, wengine wanapata ujasiri wa kufuata.

Mtakatifu aliyeumwa ugonjwa huu

Unamfahamu Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Je, unajua mama yake alikufa kwa nini?

Mama yake aliitwa Zélie Martin, Mfaransa wa mji wa Alençon. Alikuwa mjasiriamali, fundi wa kutengeneza lesi, na aliajiri wanawake wengine. Alizaa watoto tisa, akawazika wanne wakiwa wadogo. Mwaka 1865 alimwandikia mdogo wake Isidore, aliyekuwa mtu wa mambo ya dawa, kwamba ana tatizo kwenye titi. Jambo lile halikufuatiliwa mpaka mwisho. Kulikuwa na watoto, kulikuwa na kazi, kulikuwa na misiba. Si unaona ni stori ile ile ya alizeti?

Mwisho wa mwaka 1876 alikwenda kwa daktari. Akaambiwa ni uvimbe mbaya, na muda wa upasuaji umeshapita. Zélie alirudi nyumbani akaisema habari ile kwa mume wake Louis na kwa familia, wakalia wote. Juni 1877 alikwenda kuhiji Lourdes na binti zake wakubwa, akiomba apone kwa ajili ya watoto. Hakupona. Alifariki tarehe 28 Agosti 1877 akiwa na miaka 45. Teresa alikuwa na miaka minne.

Tarehe 18 Oktoba 2015, Papa Fransisko alimtangaza yeye na mume wake kuwa watakatifu, siku moja, wote wawili. Na tarehe 18 Oktoba ni sikukuu ya nani? Ya Luka, tabibu.

Nimekusimulia habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, ukipata saratani usikubali mtu akuambie ni laana, au imani yako ni ndogo, au kuna dhambi hujaitubu. Mtakatifu wa madhabahuni aliumwa saratani ya titi, akaomba Lourdes, na hakupona. Katika Yohane sura ya 9 wanafunzi walimuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hadi mtu azaliwe kipofu, naye akalikataa kabisa swali lao.

Pili, Zélie hakuwa na vitu tulivyo navyo sisi. Mwaka 1865 hapakuwa na mionzi; eksirei yenyewe iligunduliwa mwaka 1895. Hapakuwa na dawa za saratani. Sisi tunavyo. Tukichelewa kama yeye, tuna sababu gani?

Ukweli wote: nani yuko hatarini?

Tumuige yule mwanamke tuseme ukweli wote, pamoja na ule wa kitabibu.

Hatari kubwa ya kwanza ni kuwa mwanamke, na ya pili ni umri kuongezeka. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya wanawake wanaopata saratani hii hawana sababu nyingine inayojulikana zaidi ya hizo: ni wanawake, na wamevuka miaka 40. Kwa hiyo acha kumtafuta mchawi, na acha kumlaumu mgonjwa.

Ziko sababu nyingine zinazoongeza hatari. Pombe ni mojawapo, na hii tuisikie vizuri sisi vijana wa mkoa wa zabibu: kadiri unavyokunywa zaidi ndivyo hatari inavyopanda. Unene uliozidi baada ya kukoma hedhi, kutofanya mazoezi, kuvunja ungo mapema sana, na kuchelewa kukoma hedhi, navyo vinachangia. Kunyonyesha kunapunguza hatari, na kadiri mama anavyonyonyesha kwa muda mrefu ndivyo kinga inavyoongezeka.

Iko pia saratani ya kurithi. Ni sehemu ndogo, kati ya wagonjwa 5 na 10 katika kila 100, na inahusiana na vinasaba vilivyoharibika, hasa viwili vinavyoitwa BRCA1 na BRCA2. Vinaweza kutoka upande wa mama au wa baba. Kama bibi, mama, shangazi au dada yako alipata saratani ya titi au ya ovari akiwa bado kijana, mwambie daktari. Ndiyo maana siri ya familia ni hatari: mama akificha, binti hajui kwamba anatakiwa kuwa macho.

Na yale ya mtaani? Saratani haiambukizi, kula naye sahani moja, lala naye chumba kimoja, mkumbatie. Haitokani na kuweka pesa kwenye sidiria. Haitokani na kugongwa kifuani. Sindano ya kuchukua kipimo haiisambazi.

Dalili na vipimo

Dada yangu, ujue mwili wako. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, Paulo anawaambia Wakorintho, na mlinzi wa hekalu anatakiwa kujua kila kona yake. Kujitazama na kujigusa matiti ili kujua hali yake ya kawaida si dhambi wala si uchafu. Wakati mzuri ni siku chache baada ya hedhi kwisha, kwa sababu hapo matiti hayajajaa.

Nenda hospitali ukiona lolote kati ya haya: uvimbe mpya kwenye titi au kwapani, hata kama hauumi; titi moja kubadilika ukubwa au umbo; ngozi kubonyea au kuwa na vishimo kama ganda la chungwa; chuchu kuingia ndani ghafla; damu au majimaji kutoka kwenye chuchu; wekundu au kidonda kisichopona. Usisubiri maumivu. Mara nyingi mwanzoni hakuna maumivu, na hapo ndipo wengi wanadanganyika.

Lakini pia usikimbie kuandika wosia. Uvimbe mwingi wa matiti, unaweza kufika 90 katika kila 100, si saratani. Kwa wasichana wa umri wenu mara nyingi ni uvimbe wa kawaida usio na madhara. Ila huwezi kujua kwa kubonyeza na kukisia. Ni kipimo kinachojua.

Utaanza na kuchunguzwa kwa mikono na mhudumu wa afya. Unayo haki ya kuomba mhudumu wa kike, au ndugu yako awepo chumbani. Kisha picha: kwa kijana mara nyingi ni ultrasaundi, kwa mwanamke wa miaka 40 na zaidi ni mamogramu. Wakiona kitu cha kutilia shaka wanachukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano, kinaitwa biopsi, kipelekwe maabara. Hiyo biopsi ndiyo inayotoa jibu. Na maabara inaweza kwenda mbali zaidi, ikaeleza saratani hiyo ni ya aina gani, inategemea homoni au haitegemei, ili dawa ichaguliwe vizuri. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba tangu mgonjwa afike kwa mara ya kwanza mpaka apate jibu zisizidi siku 60. Kwa hiyo usiache majibu yako yalale maabara. Fuatilia.

Uende wapi? Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa. Hapa Dodoma ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile wenyeji tunaiita General, na ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015 jirani na UDOM. Kwa upande wa Singida, Kanisa linayo Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, Itigi. Kwa wanaohitaji mionzi ipo Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na ipo Bugando kule Mwanza, hospitali ya maaskofu wetu. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inafika Dodoma, na safari ya Dar es Salaam si ya siku nzima tena. Kama pesa ndiyo kikwazo, usirudi nyumbani kabla ya kuuliza ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitalini.

"Sisi tunaomba tu"

Hapa naomba tuongee kwa uwazi. Kuna kijana anapenda sala, anakesha, anafunga, na mama yake akipata uvimbe anamwambia, mama, tusiende hospitali, tumwachie Mungu. Nia ni nzuri. Lakini hiyo si imani ya Kanisa Katoliki.

Soma Yoshua bin Sira sura ya 38, aya 15 za mwanzo. Mzee yule anafundisha kumheshimu tabibu, kwa sababu Bwana ndiye aliyemuumba. Anasema dawa zimetoka ardhini kwa mkono wa Mungu na mtu mwenye akili hazidharau. Halafu angalia mpangilio: anamwambia mgonjwa asali, ajitakase moyo, kisha ampe tabibu nafasi yake. Tabibu naye anamwomba Mungu aongoze mkono wake. Sala na dawa vinakaa meza moja, hakuna anayemfukuza mwenzake.

Basi mtu yeyote, awe amevaa nini na awe na umati mkubwa kiasi gani, akikuambia utupe dawa kama ushahidi wa imani, mkimbie. Ukisali ukajisikia umepona, mshukuru Mungu na urudi kupimwa. Wale wakoma kumi Yesu aliwatuma kwa makuhani wakajionyeshe. Muujiza wa kweli hauogopi kipimo.

Na tuna sakramenti. Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa si tiketi ya kaburini. Wengi wetu tukimwona padri anaingia kwa mgonjwa tunaanza kulia, eti kwisha habari yake. Hapana. Barua ya Yakobo sura ya 5 inasema mgonjwa awaite wazee wa Kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Kanisa linafundisha kwamba inafaa kabisa kuupokea kabla ya upasuaji mkubwa, na unaweza kurudiwa hali ikizidi kuwa nzito. Kwa hiyo mwite padri mapema, kama unavyotakiwa kumwita daktari mapema.

Kisu cha mkulima wa zabibu

Nenda kwenye shamba la mizabibu, Hombolo au popote hapa Dodoma, wakati wa kupogoa. Mgeni anaweza kudhani mkulima ameuchukia mzabibu, maana anakata mpaka panabaki vijiti. Mwenyeji anajua kwamba anaupa maisha.

Sisemi Mungu ndiye aliyekuletea saratani ili akupogoe, usinisikie hivyo. Nasema tu kwamba kisu cha daktari si adui. Matibabu ya saratani ya titi mara nyingi huchanganya njia kadhaa. Kuna upasuaji: uvimbe ukiwa mdogo wanaweza kuutoa wenyewe na kuliacha titi, ukiwa mkubwa wanatoa titi lote. Kuna dawa za saratani, zile watu wanaziita kemo, ambazo zinachosha, zinatapisha, na nyingine zinaondoa nywele, lakini nywele huota tena. Kuna mionzi. Kwa saratani inayotegemea homoni kuna vidonge kama tamoxifen, vinavyomezwa kwa miaka 5, na wengine mpaka 10. Dada ambaye bado anatamani kuzaa, amwambie daktari kabla kemo haijaanza, kwa sababu baadhi ya dawa hugusa uwezo wa kupata mimba.

Kazi ngumu ni kumaliza. Wengi wanaanza, wanaona uvimbe umepungua, wanaacha. Wengine wanaacha kwa sababu ya nauli, au kwa kukosa mtu wa kuwasindikiza. Hapo, kijana, ndipo unapoingia wewe.

Makovu ya Bwana

Na baada ya matibabu? Watu wanadhani ukitoka hospitali hadithi imeisha. Kumbe yuko dada anayejitazama kwenye kioo na kuona upande mmoja haupo. Mkono unaweza kuvimba kwa sababu ya tezi zilizotolewa kwapani. Kila akiumwa mgongo anajiuliza kama imerudi. Kila miezi kadhaa anarudi kliniki na moyo unadunda. Na kama hajaolewa anawaza, nani atanipenda hivi nilivyo?

Dada yangu, soma Yohane sura ya 20. Yesu amefufuka. Ameshinda kifo. Angeweza kurudi na mwili usio na alama hata moja. Lakini anamwonyesha Tomaso mikono na ubavu, makovu yapo. Mwili mtukufu wa Bwana una makovu, na ndiyo aliyotumia kumrudisha rafiki yake kwenye imani. Kovu lako halijakupunguza uanamke wala halijaharibu sura ya Mungu ndani yako.

Na wewe kaka, ukimpenda msichana, jiulize leo kama unampenda yeye au umbo lake. Siku ya ndoa utaahidi mbele ya altare kubaki naye katika ugonjwa kama katika uzima. Ahadi hiyo ina siku yake ya kudaiwa. Louis Martin alidaiwa, akalipa.

Wapo pia ambao hawatapona. Kwao hatusemi "hakuna cha kufanya". Maumivu yanatibika, na dawa kali za maumivu si dhambi. Papa Pius XII alilieleza hilo tangu mwaka 1957. Kukaa karibu, kumwosha, kusali naye fumbo moja la rozari akiwa hana nguvu ya matano, ni kusimama chini ya msalaba pamoja na Maria. Kanisa kuu letu la Dodoma liko chini ya Mtakatifu Paulo wa Msalaba, aliyewafundisha watu kuyakumbuka mateso ya Bwana. Tusiyakumbuke ukutani tu, huku tunampita anayeteseka jirani.

La kufanya wiki hii

Mosi, mpigie simu mama, bibi au shangazi. Usianze na ugonjwa. Msalimie, ongea naye, kisha muulize taratibu kama amewahi kuchunguzwa matiti. Akisema "Sisi wazima, mwanangu," usikate simu. Uliza tena kwa upendo.

Pili, kama ni wewe uliye na kitu unakificha, mwambie mtu mmoja kabla ya Jumapili. Mmoja tu. Halafu nendeni wote kituoni.

Tatu, viongozi wa VIWAWA, TYCS na TMCS, kaeni na WAWATA wa parokia yenu. Mwombeni paroko dakika kumi baada ya Misa, mwiteni muuguzi aeleze dalili kwa lugha ya nyumbani.

Nne, kwenye jumuiya, mkisikia kuna mgonjwa wa saratani, pangeni zamu: nani anamsindikiza kliniki, nani anabaki na watoto, nani anapika.

Tusali

Bwana Yesu, ulisimama njiani kumtafuta mwanamke aliyejificha. Simama leo katika nyumba zetu. Wape mama zetu ujasiri wa kusema, nasi utupe masikio ya kusikia. Waongoze madaktari na wauguzi wetu, watie nguvu walio kwenye matibabu, wafariji wanaoogopa majibu. Wanaotembea na makovu waone ndani yake makovu yako. Waliotangulia kwa ugonjwa huu uwapokee kwako. Na sisi vijana utufanye umati unaomfungulia njia mgonjwa afike kwako na afike hospitali. Amina.

Mtakatifu Zélie Martin, utuombee.
Mtakatifu Luka, tabibu, utuombee.
Maria, Afya ya Wagonjwa, utuombee.